Chungu Nilichokibonyeza Dubai

Sikwenda Dubai kutalii wala kununua dhahabu. Nasema mapema kwa ajili ya wale waliokwisha kuniuliza nimewaletea nini. Nilikwenda kwa sababu mjukuu wangu Nanzia alinipigia simu analia, na Nanzia nilimlea mimi, najua kilio chake cha kudeka na kilio chake cha kweli. Hiki kilikuwa cha kweli.

Huko Dubai alikuwa msaidizi katika shule ya watoto wadogo. Anafuta makamasi, anafunga viatu, anawaimbisha, lakini anayeitwa mwalimu ni mwingine. Sasa shule ilikuwa imemwambia: upate cheti cha ualimu kabla muhula haujaisha, au mkataba wako ndiyo basi, urudi kwenu. Akajiunga na mafunzo, na mafunzo yenyewe yana jambo lake. Wanataka mwalimu achanganye elimu ya vitabu na elimu ya watu wake. Kila mmoja alete mzee wa kwao awafundishe walimu kitu, kisha yeye mwenyewe akichukue kitu hicho akawafundishe watoto, huku wakubwa wamekaa nyuma wanampa alama.

"Wenzangu wazee wao wanaongea kwenye simu," akaniambia. "Lakini, Bibi, chungu hakifundishwi kwenye simu."

Hapo alisema neno. Mimi shule niliishia darasa la nne, ila nyumba za kwetu Usangi zinazopika maharage kwenye chungu changu ni nyingi kuliko zisizopika. Chuo kikakubali kulipa nauli ya mzee mmoja wa kuonyesha kwa mikono. Nikasema nakuja.

Usangi, siku ya kuondoka, nilifunga vyombo vyangu vya kazi kwenye kanga: gunzi la kukwangulia, kipande cha kibuyu, na jiwe la kusugulia. Jiwe hilo lilikuwa la mama yangu, na la mama yake kabla yake, limelainika kama shavu la mtoto. Nilitaka kubeba na udongo wa kwetu. Nanzia akakataa.

"Uwanja wa ndege watakunyang'anya, Bibi."

"Sasa nitafinyanga nini huko? Mchanga?"

"Udongo upo. Unauzwa dukani."

Udongo unauzwa dukani! Ningekuwa na akili ningegeukia hapo hapo.

Uwanja wa ndege wa KIA, kijana wa ukaguzi alilitoa jiwe akalishika juu kama ameshika bomu.

"Mama, hiki nini?"

"Jiwe."

"Naona ni jiwe. La nini?"

"La kazi."

"Kazi gani, ya kumtwanga rubani?" Wenzake wakacheka mpaka foleni ikasimama.

Nikamwambia, "Bibi yako alipokuwa anakupikia uji, unadhani chungu kilijisugua chenyewe?"

Akaacha kucheka. Akaligeuza, akalipapasa upande ule laini, akanirudishia kwa mikono miwili. Huyo alilelewa.

Ndani ya ndege sina mengi ya kusifu. Baridi, miguu imekunjwa, na chakula kidogo kilichofunikwa vifuniko vingi. Ilitua Dar ikapakia watu wengine, ikaruka tena. Jirani yangu alikuwa binti anakwenda kufanya kazi za ndani, anarudia kimya kimya maneno ya Kiarabu aliyofundishwa. Nilimpa nusu ya karanga zangu, na ulimi wake ukapumzika kidogo.

Dubai, nilipotoka nje ya uwanja, joto lilinipiga usoni kama nimefunua moto wa kuchomea vyungu. Nikasema afadhali, kitu ninachokijua. Halafu Nanzia akaniingiza kwenye treni, na humo ndani kuna baridi ya mlima Shengena mwezi wa saba. Tukakaa behewa la mbele kabisa, naona njia inakuja, simwoni mtu.

"Dereva yuko wapi?"

"Haina dereva, Bibi."

"Nanzia."

"Kweli, haina. Inajiendesha."

Nilishika kanga yangu na jiwe langu mpaka tukabadilisha treni, nikashika tena mpaka Al Qusais. Nchi ya watu hao, joto liko nje, baridi iko ndani, dereva hayuko popote, na wote wanaona sawa tu.

Al Qusais ndiko anakokaa Nanzia, chumba kimoja na mwenzake Wairimu, binti wa Nakuru, naye yumo kwenye mafunzo hayo hayo. Nataka mlishike hili kwa ajili ya mambo yajayo: nilipoingia tu, Wairimu alivua shuka zake akatandika safi, akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwao, "Shosho, kitanda ni chako. Mimi nitalala hapa chini, nimezoea." Nikakataa, akakataa kukataliwa. Akanipikia chapati laini. Binti mwema, msema sana, mwenye kucha ndefu.

Asubuhi ya kwanza chuoni, mlinzi wa getini alikuwa Mganda. Akasimama wima akanisalimu kama bibi yake, "Karibu, Jajja! Huko ndani vaa sweta, pua itaganda." Ni yeye peke yake aliyenipa ushauri wa maana siku hiyo.

Darasani niliwakuta walimu wa kila rangi, na mama mmoja mrefu wa Australia ndiye mkubwa wao, wote wanamwita Madam. Alinishika mikono akaongea sana, machozi yanamlengalenga. Nanzia akatafsiri kwamba ni heshima kubwa, maarifa ya wazee yamedharauliwa muda mrefu, na leo mimi ndiye mwalimu, nifundishe vile vile kama ninavyofundisha nyumbani. Vile vile kama nyumbani. Nilimuuliza Nanzia mara mbili, ndivyo alivyosema? Ndivyo alivyosema, Bibi.

Ukutani Nanzia alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: UDONGO UWAHI UNGALI MAJI. Nikafurahi.

Furaha ikaishia hapo. Udongo wao umefungwa kwenye plastiki, mweupe, laini kama siagi, hauna hata chembe ya mchanga wa kuushikilia. Halafu mle ndani wamo wanaume. Nikasema kwetu mwanamume hafinyangi, hata machimbo hasogelei. Madam akasema hapa wote ni sawa. Tukavutana. Mwisho nikakubali wafinyange, ila nikawapangia kona yao, niwape mgongo nisione. Nilidhani nimetoa cha kutosha.

Nikakaa chini, nikaweka donge, nikaanza kulizunguka. Sikusema kitu. Madam akamwambia Nanzia aniombe nieleze. Nieleze nini? Mikono si hii hapa, tazameni. Wakatazama, wakaanza. Na hapo ndipo masikio yangu yalipochoka. Mmoja hajafikisha hata shimo la kidole, jirani yake anampigia makofi. Mwingine chungu chake kimelala ubavu kama mgonjwa, Madam anapita anasema kizuri, kizuri sana. Yule naye, kizuri. Huyu, kizuri. Kama vyote vizuri, mimi nimepanda ndege kuja kufanya nini?

Hapa niwaeleze wasomaji wasiotoka kwa wafinyanzi. Kwetu mwanafunzi hukaa ubavuni mwa fundi, anatazama, anafinyanga. Hatusifu, hatutukani. Fundi huinuka akapita. Chungu kikiwa na kosa, anaweka kiganja juu yake, anakibonyeza kiwe donge tena, anaendelea. Hajakuita mjinga. Amekuokolea kuni na aibu, maana chungu kibovu kitapasukia motoni na kupasua vya wenzake. Unalichukua donge lako unaanza upya. Na siku fundi akipita asikibonyeze, siku hiyo hulali kwa furaha. Mama yangu alinibonyezea mimi mpaka nikaacha kuhesabu.

Basi nikainuka, nikapita. Nikafika kwa Wairimu. Chungu chake kwa nje kilipendeza kuliko vyote, amekichora maua kwa ukucha, watu wameshakipiga picha. Nikapitisha kidole chini. Kitako chembamba kama karatasi. Binti niliyelala kitandani kwake, nimwache na chungu cha kupasuka? Nikaweka kiganja, nikabonyeza, nikaendelea na safari.

Sikuwa nimepiga hatua nyingi nikasikia makofi yamekatika. Nikageuka. Wairimu amesimama, mikono hewani.

"Aki Shosho! Kwani mimi nimekukosea nini?" Machozi yakaanza. "Kitanda nimekupea, chapati nimekupikia, na unanifanyia hivi mbele ya watu?"

Wengine wote wakavuta vyungu vyao kifuani kama kuku anayeficha vifaranga. Madam akaja haraka haraka, hasemi tena kizuri. Nanzia akawa katikati, uso umemshuka.

"Bibi, anasema hapa kazi ya mtu haiguswi bila ruhusa yake."

"Mwambie ile haijawa kazi. Bado ni udongo."

"Siwezi kumwambia hivyo."

"Kwa nini usiweze? Si amesema kama nyumbani? Nyumbani ndiyo hivi. Na hayo maneno uliyoandika ukutani, uwahi ungali maji, mlidhani ni pambo?"

Nanzia akatafsiri kidogo kuliko nilivyosema, nilisikia ufupi wake. Madam akajibu taratibu, na kila alivyozidi kuwa taratibu ndivyo Nanzia alivyozidi kuinama. Walikuwa wanayataka maarifa yetu, akasema, ila mtoto akivunjiwa kazi yake anaweza kuchukia shule kabisa, na watu wengi wa kwao walivunjwa hivyo mashuleni. Siku ya somo la Nanzia ningeruhusiwa kukaa darasani, lakini nisiguse kitu chochote. Na mtoto akilia kwa ajili ya chungu, kama Wairimu alivyolia, hawatamwandikia Nanzia alama ya kupita.

Nikamwambia Nanzia, "Hawa wanataka ng'ombe, kwato hawazitaki."

Njia nzima kwenye treni alitazama dirishani, amenipa mgongo.

Siku zilizofuata, chumba kile kilikuwa kidogo kuliko mtungi. Wairimu alinipa chapati, alinipa chai, alinipa shikamoo ya haraka, kisha anageuka. Kitanda nilimrudishia akakikataa. Tukawa mimi nalala juu siongei, yeye analala chini haongei, Nanzia katikati anapiga pasi nguo ambazo zilishanyooka. Nilikasirika, sifichi. Niliwaza nirudi kwetu, wakafundishwe na simu.

Ijumaa mchana, hawana kazi, Wairimu alikuwa ameleta donge la ule udongo wa dukani nyumbani, ameliweka kwenye sinia, analitazama tu. Mwishowe akasema, bila kunitazama:

"Shosho, hata hukuniambia shida ilikuwa wapi."

Nikashtuka. Kwetu hakuna anayeuliza hilo. Unabonyezwa, unajua mwenyewe, au unabonyezwa tena mpaka ujue.

"Kitako," nikasema.

"Kilikuwa na nini?"

"Chembamba. Ulikuwa unashughulika na maua huko juu. Lete kidole chako." Akaleta. Nikafinya donge, nikamgusisha pembamba, nikamgusisha panene. "Hapa moto ukipita, unatoboka. Uji wako wote unamwagikia kuni, mume wako analala njaa, anaanza kukuuliza kwenu ulifundishwa na nani."

"Sina bwana, Shosho."

"Na kwa vitako hivi hutampata."

Akacheka. Alijitahidi asicheke, lakini alicheka, akapiga sinia kwa kiganja. Akafinyanga kingine, akakigusa chini, akanuna, akakiponda mwenyewe akaanza tena. Sikuwa nimemgusa. Nanzia alikuwa amesimama na pasi mkononi muda wote anatutazama, mpaka nikamwambia nguo inaungua.

Siku ya somo, shuleni kwa Nanzia, hapo hapo Al Qusais. Watoto wadogo wa mataifa yote wamekaa mkekani, kila mmoja na donge lake na kibao. Madam na wenzake wawili nyuma, kalamu mkononi. Mimi kwenye kiti pembeni, nimekalia mkono wangu wa kulia. Si maneno ya kupamba, niliukalia kweli, maana naujua.

Nanzia alikaa chini kama mimi, akafinyanga huku watoto wanafuata. Alikuwa na hofu, vidole vinakimbia, na nikaona kwa macho yangu kitako kinakonda. Mjukuu wangu, mbele ya wote hao, anatengeneza chungu cha kubonyezwa! Nikaukalia mkono zaidi.

Yeye naye akagundua. Akasimamisha mikono. Akakizungusha chungu, akawauliza watoto kwa Kiingereza kina kosa gani. Wakakigusa juu, wakakigusa pembeni. Kitoto kimoja kikaingiza kidole chini kikapiga kelele. Nanzia akanionyesha mimi kwa kidevu, akawaambia (alinieleza baadaye) kwamba huko milimani bibi huyu angekuja na kiganja chake kikubwa na kufanya hivi. Akainua mkono wake mwenyewe, akabonyeza chungu chake mwenyewe. Paa!

Watoto wakashika midomo. Kisha Nanzia akacheka, akalichukua donge akaanza upya. Basi ikawa sherehe. Mmoja akagusa kitako chake, paa! Wa pili, paa! Darasa zima wanakagua na kubonyeza na kuanza tena, wanashindana. Mimi sijawahi kuona watu wanabonyezwa wakafurahi. Nikasema moyoni, hilo si letu. Nikatazama tena. Ni letu, lakini limevaa nguo ngeni.

Isipokuwa kasichana kamoja kenye nywele za mkia. Hako chungu chake kilikuwa kibaya kuliko vyote: kimeinama, kitako hakuna, mdomo umekwenda kando. Kamekikumbatia. Wenzake wanakaambia, bonyeza, bonyeza. Mdomo wa chini ukaanza kutetemeka. Nikaona kalamu ya Madam imeinuka. Kiganja changu kilikuwa kinawaka moto chini yangu. Kwa chungu kile mama yangu angefufuka.

Nanzia akapiga magoti mbele yake. Akamwambia maneno machache. Nilimuuliza baadaye ulimwambia nini; akasema, "Nilimwambia, ni chako, umekigusa mwenyewe, wewe ndiye unayejua." Kasichana kakagusa chini. Kakafikiri. Kakakikumbatia tena, kakatabasamu. Na kakaenda nacho nyumbani vile vile, kimeinama! Mpaka leo kile chungu kinaniuma. Lakini hakuna aliyelia.

Nanzia akapita. Mjukuu wangu ni mwalimu. Waliposoma jina lake chuoni nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Madam akanishika mikono tena akasema nilikuwa mzuri sana. Nikamshukuru, ila kwa mtu anayesema kila kitu ni kizuri, nitajuaje?

Uwanja wa ndege wa Dubai, Wairimu alikuja kunisindikiza na chapati kwenye mfuko. Nanzia akaniomba jiwe.

"Utalipata nikifa."

"Basi nitasubiri sana, Bibi."

"Subiri. Huku unafanya kazi."

Usangi, nilifika kukiwa na ukungu, hakuna aliyewasha wala kuzima baridi, ipo tu mahali pake. Kesho yake nikarudi kazini. Mke wa mwanangu, Hadija, ninayemfundisha, alikuwa ameketi ubavuni na chungu chake. Nikainuka nikapita. Nikaona kitako. Kiganja kikainuka chenyewe.

Nikakishusha. "Gusa chini," nikasema.

Alinitazama kama nimerudi na homa. Akagusa.

"Unaonaje?"

Akazungusha kidole tena. Kisha akakibonyeza mwenyewe, kwa nguvu kuliko ambavyo ningekibonyeza mimi, akaanza upya bila kuniangalia.

Nikarudi kwenye changu. Tangu mama afe hakuna mtu aliyekibonyeza chungu changu, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Nikaingiza kidole chini, nikapapasa polepole, kote.

Nikakibonyeza.